Nondo wa Bonde la Gucha

29 Aprili 2024, Jumatatu. Nyamarambe

Shule zilikuwa zifunguliwe leo. Usiku wizara ikatangaza kwamba ufunguzi umesogezwa wiki moja kwa sababu ya mafuriko, basi nimebaki kwa dada na begi langu limefungwa tayari. Shemeji anasema nimekuja kukagua ng'ombe wa mahari waliobaki. Nimemjibu kwamba wawili bado wanadaiwa, ila hao nitawakagua kiangazi, wakiwa wamekonda na yeye akiwa na haraka ya kuwatoa.

Gucha imefurika. Maji ni mekundu kwa udongo wa kwetu juu. Mto huu unaanzia milima ya Kiabonyoru, kaunti ya Nyamira, ninakofundisha. Tope linalopita hapa ni mashamba ya majirani zangu yanayoelekea ziwani.

Upande wa chini wa shamba, pale ardhi inapolainika chini ya kiatu, mzee (baba mkwe wa dada) alikuwa akikata ndago za kufunika matofali mabichi yasiloweshwe na mvua. Si ndago ya shambani ile inayotusumbua katika mahindi. Hii ni ndefu kumpita mtu, bua lina pembe tatu, na kitako chake kimezama topeni. Akapasua bua moja kwa panga apate utepe wa kufungia, na ndani ya ute mweupe kukawa na njia nyembamba iliyojaa unga wa kahawia. Mwisho wa njia kulikuwa na kiwavi.

"Mwalimu, huyu si ndiye wa kwenye miwa?" akaniuliza, kisha akafunga mzigo wake bila kungoja jibu.

Kiwavi ana kichwa cha kahawia, mwili wa kijivu unaoelekea weusi, na vibamba vidogo vyeusi mgongoni. Nilipomgusa kwa kijiti alirudi nyuma kwa kasi, akaenda mbele, akarudi tena, kisha akajiachia na kuning'inia kwa uzi wake. Hapo sikuwa na shaka nyingi. Wa mahindi kule kwetu, *Busseola fusca*, ni mnene, wa rangi ya waridi iliyofifia, na ukimgusa ni mzito kama aliyeamshwa usingizini. Huyu ana wazimu. Nilioneshwa mwenzake Mbita Point, kwenye mafunzo ya icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, akiwa kwenye chupa ya spiriti: *Eldana saccharina*. Akiwa hai ndiyo mara ya kwanza kumwona.

Nimechukua mabua matano yenye matundu. Dada amenipa chupa ya siagi ya karanga na kunionya kwamba wadudu wasiingie jikoni.

1 Mei, Jumatano

Sikukuu ya wafanyakazi, na kila mtu hapa anafanya kazi.

Nimepasua bua jingine taratibu kwa wembe. Kiwavi wa humo alikwisha kufa, na mwili wake ulikuwa umezungukwa na vifuko vyeupe vilivyosongamana, kila kimoja na uzi wake. Hivyo ni vya nyigu wadogo mno. Mama yao alimpata kiwavi ndani ya bua, akamchoma na kuacha mayai mwilini mwake, watoto wakamla kutoka ndani hadi wakatoka kusokota vifuko. Vifuko hivyo nimevitia katika kibweta cha kiberiti chenye pamba.

Mpwa wangu, wa darasa la sita, ameuliza kama nyigu huyo anauma watu. Nimemwambia ni mdogo mno kuweza kutusumbua. Hakuridhika. Alitaka nyigu anayeuma.

4 Mei, Jumamosi

Jana Rais akaahirisha tena ufunguzi wa shule, safari hii bila tarehe. Begi nimelifungua.

Leo nimeingia kwenye miwa ya shemeji. Ni kipande kinachoteremka kutoka barabarani hadi kwenye ndago, na hakuna mpaka kati ya viwili hivyo: muwa wa mwisho umesimama ambapo ndago ya kwanza imeota. Sehemu ya juu ilikatwa mwaka jana ikaenda kupikwa sukari nguru, sasa imechipua vizuri. Kona ya chini ndiyo ina hadithi. Shemeji na ndugu yake wanaigombania tangu mzee alipogawa shamba, na kwa kuwa hakuna anayethubutu kukata, miwa imesimama mwaka wa tatu, imelala, imejikunja, majani makavu yamejaa hadi magotini. Nimepasua muwa mmoja: ndani ni mwekundu, unanuka uchachu. Tundu la kutokea lipo juu ya kifundo, na nje yake kumening'inia unga uliosukumwa nje. Muwa wa sehemu iliyochipua karibu hauna kitu.

Hilo ndilo linalotarajiwa kwa mdudu huyu. Jike hatagi juu ya jani bichi. Anatafuta jani kavu, lililojikunja, lililobana kwenye bua, na kuyasukuma mayai humo ndani yasionekane. Kiwavi akitoka haanzi kwa kutoboa. Anazungukazunguka kwanza nje akila takataka na ukungu wa majani, kisha akiwa na nguvu ndipo anaingia. Kwa hiyo muwa mzee wenye majani makavu ni nyumba iliyokwisha kujengwa. Na muwa uliopata kiu ya maji, au uliomwagiwa mbolea ya naitrojeni kupita kiasi, unamfaa zaidi. Shemeji ameapa kwamba mbolea haikufika kona hiyo. Namwamini, maana ndugu yake angeiona.

Nondo huyu ana historia ndefu ya kuandikwa. Francis Walker, aliyekuwa akiorodhesha wadudu wa jumba la makumbusho la Uingereza, alimwelezea mwaka 1865 kutokana na nondo wa Sierra Leone. Kwa hiyo kitabuni ameingia kama mdudu wa muwa, ilhali muwa ni mgeni Afrika. Ulitoka upande wa Asia na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Nondo huyu alikuwa hapa kabla yake, kwenye mafunjo na ndago za kandokando ya maji, tangu Afrika Magharibi hadi huku kwetu na kusini mpaka KwaZulu. Muwa ulimkuta nyumbani.

Afrika Kusini ndiko walikopata somo chungu. Mwaka 1939 aliibuka kwenye miwa ya bonde la Umfolozi, akaharibu, halafu kufikia miaka ya hamsini akatoweka mashambani kana kwamba hakuwahi kuwapo. Mwaka 1970 akatokea tena, Hluhluwe, na safari hiyo hakuondoka. Leo ndiye adui wa kwanza wa muwa huko, na wakulima wengi wa pwani wamelazimika kukata muwa wa miezi 12 badala ya kuuacha ukomae hadi 18 na kuendelea. Kila mwezi unaopunguzwa ni sukari inayopotea. Karibu na sisi, Uganda, D. J. Girling alikuwa akiandika juu yake mwaka 1972, kwenye miwa, na mwaka 1978 akamweleza pamoja na ndugu zake wa kwenye mahindi.

Swali ambalo limenikaa kichwani tangu Jumatatu: ikiwa makao yake ni ndago, na ndago zimekuwapo tangu zamani, kwa nini ndagoni hajawahi kuwa balaa? Bonde hili lote lingekuwa limeanguka. Jibu la kwanza liko kwenye kibweta cha kiberiti.

14 Mei, Jumanne. Nyamira

Shule imefunguliwa jana. Chupa na kibweta nimesafiri navyo mapajani, matatu imejaa wanafunzi na magodoro. Huku juu ni baridi. Naona viwavi wamepunguza mwendo. Wawili wamekwisha kusokota ndani ya bua na kugeuka pupa.

Kidato cha tatu nimewapeleka kwenye mahindi ya shule. Hawakuhitaji kutafuta sana: majani yenye matundu yaliyopangwa mstari, na chini yake *Busseola*. Huyu ndiye mtawala wa nyanda za juu, sisi na Kitale na Kericho. Kule chini ziwani na pwani anatawala *Chilo partellus*, mgeni kutoka Asia aliyeonekana Afrika mara ya kwanza Malawi mwaka 1930. Msichana mmoja akaniuliza kwa nini nyigu hawammalizi *Busseola*. Nimefurahi kwa swali lenyewe kuliko jibu nililotoa, lakini jibu nalo ni zuri. Nyigu wa asili wa huku, *Cotesia sesamiae*, yupo Kenya nzima, ila hayuko sawa kila mahali. Yule wa bara anaweza kukua ndani ya *Busseola*. Yule wa pwani akitaga ndani yake, mwili wa kiwavi unayafunika mayai na kuyaua. Tofauti hiyo inatokana na kirusi anachokibeba nyigu mwenyewe, anachokiingiza pamoja na mayai ili kuvunja kinga ya kiwavi. Kwa macho huwezi kuwatenganisha.

Maana yake ni kwamba ukiagiza nyigu wa mahali pengine, unaweza kuletewa asiyefaa. Nyigu anayejua kazi ya bonde ni yule aliyekulia bondeni.

Kibweta: nyigu wametoka asubuhi hii, weusi, wadogo kuliko sisimizi. Nimewaachilia dirishani kisha nikajuta kidogo, kwa kuwa huku hakuna ndago karibu. Chini ya shule palikuwa na kinamasi; sasa ni mikaratusi na mifereji ya nduma.

23 Mei, Alhamisi

Ametoka. Nilimkuta amekaa ubavuni mwa chupa, mabawa yamefunika mwili kama paa, urefu kama sentimita moja na nusu. Rangi ni ya jani kavu la ndago, na katikati ya kila bawa la mbele kuna doa jeusi. Mabawa ya nyuma yamefifia, karibu meupe, yana mistari ya kahawia. Ukimweka juu ya jani kavu anapotea kabisa. Hana uzuri wa kumsimamisha mtu njiani, na nadhani ndiyo sababu watu wengi huku wanamjua kiwavi wake na hawajawahi kumwona yeye.

Mwalimu wa kemia, ambaye kwao wanafuga nyuki, amemtazama akasema, "Huyu ni ndugu wa yule anayekula nta." Ni kweli. Ni ukoo mmoja na nondo wa nta, *Galleria mellonella*, yule anayesuka utando ndani ya mzinga dhaifu hadi nyuki wakahama. Undugu huo una mambo yake, na nataka kuyaona kwa macho. Ninakwenda Nyamarambe Sikukuu ya Madaraka.

2 Juni, Jumapili. Nyamarambe

Jana sherehe za kitaifa zilikuwa Bungoma. Sisi tulizisikia redioni, kisha saa moja kasoro nikashuka bondeni na mpwa wangu, tochi nimeifunga kitambaa chekundu. Mvua ilikuwa imekatika. Dada alinipa buti za shemeji, ndogo.

Kwa nondo wengi jike ndiye hukaa mahali pamoja na kutoa harufu, na dume huifuata harufu hiyo hata kutoka mbali. Wakulima wa matunda huko Ulaya wanaining'iniza harufu ya jike kwenye mitego ili kuwakamata madume. Kwa hawa mambo yamegeuzwa. Giza lilipoanza kuingia niliona dume la kwanza kwenye ncha ya jani la ndago, mkia ameuinua, nywele zilizofichwa mwisho wa tumbo amezitoa zikatanuka, na mabawa yanapepea kwa kasi bila yeye kuruka. Jani la pili lilikuwa na mwingine. Karibu nao wakawa kundi, kila mmoja na jani lake, wote wanapepea, hakuna anayepigana na mwenzake. Madume wamekusanyika na kujitangaza. Majike ndio wanaokuja kuchagua. Mpwa wangu akasema ni kama harusi ambapo bwana harusi ni kumi na bi harusi bado hajafika. Nikamwambia hata huku kwetu mambo yanaelekea huko.

Harufu wanaitoa mabawani na kwenye zile nywele. Lakini pia wanatoa sauti, na hiyo hatuwezi kuisikia. Mwaka 1991 watafiti wa Afrika Kusini walithibitisha kwamba dume la *Eldana* linatoa mlio wa juu mno kuliko uwezo wa sikio la binadamu. Ndugu yake wa nta amezidi: mwaka 2013 chuo kikuu cha Strathclyde, Uskoti, walipima sikio la *Galleria* wakakuta linasikia hadi kilohezi 300, juu kuliko popo yeyote anavyojulikana kulia. Na popo walikuwapo jana, wanapita chini chini juu ya maji. Nilisimama pale topeni katikati ya kelele ambazo kila kiumbe alikuwa akizisikia isipokuwa mimi na mtoto. Tulichosikia sisi ni vyura na jenereta ya posho mili.

Jike la kwanza lilikuja saa mbili kasorobo. Lilitembea juu ya jani mpaka likagusana na dume, na hapo tochi ikaisha chaji.

Asubuhi hii nimerudi kutazama kitu kimoja tu: majani makavu ya ndago ile ile. Ndani ya mkunjo mmoja nimepata mayai, ya manjano hafifu, yamebanana. Kitako cha ndago hiyo nacho kina matundu ya zamani. Kwa hiyo wanazaliana hapa, wanakula hapa, na wengi wanafia hapa mikononi mwa nyigu na nzi wanaowawinda. Ndago haijali sana. Ukikata bua moja kitako kinachipua jingine.

26 Juni, Jumatano. Nyamira

Jana waandamanaji waliingia bungeni. Kisii mjini maduka yamefungwa, barabara haipitiki, na wanafunzi wangu wa zamani wawili hawajapiga simu nyumbani. Siandiki juu ya nondo leo.

28 Juni

Wamepiga.

14 Julai, Jumapili. Nyamarambe

Nimeitwa. Dada alipiga simu akisema wanataka kuchimba bonde, na kwamba mimi, kwa kuwa nimezoea kuzungumza mbele ya watu, nije niseme jambo. Nilimwambia mtu wa upande wa mke hasemi kwenye shamba la wakwe. "Wewe njoo kama mtu wa nondo," akasema.

Mpango wao: mfereji mmoja kutoka kwenye chemchemi hadi mtoni, nduma pande zote mbili, na sehemu iliyobaki mikaratusi. Kwa mradi kama huo siwezi kumlaumu mtu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, kwenye milima ambayo unaweza kuivuka kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana. Shamba la mzee lililokuwa moja limekuwa matano, na wajukuu bado hawajaomba. Watu wa huku hawachimbi kinamasi kwa ujinga. Wanakichimba kwa sababu ndicho kipande pekee ambacho hakijagawanywa. Maofisa wanaokuja na kanuni za 2009 mkononi, zile zinazolinda ukingo wa mto kati ya mita 6 na 30, wanasema kweli, lakini wanasema kwa mtu ambaye upana wa shamba lake lote ni mita ishirini. Hata John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira na kuagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, alipata utiifu wa msimu tu. Visiki vilichipua.

Tulikaa chini ya mparachichi. Mzee, shemeji, ndugu yake wa ile kona (wamekaa mbali mbali), na mimi pembeni kidogo, kwenye kiti cha mgeni.

Shemeji ndiye alianza, na hoja yake ilikuwa ya mtu mwenye akili. "Shemeji umetuonyesha mwenyewe, wadudu wanazaliana kwenye ndago. Miwa yangu iko pale pale. Nikiondoa ndago si nimewaondoa?"

Nikamwomba mzee ruhusa. Nikasema: ukikata ndago, nondo wana mabawa. Watahama jioni moja kwenda kwenye kona ile yenye majani makavu. Wale wanaowaua hawatahama pamoja nao. Nyigu na nzi hao wamezoea kumtafuta kiwavi ndani ya ndago, kwa harufu ya ndago iliyoliwa. Kwenye muwa wanapotea. Wataalamu walitafuta wadudu hao wawindaji kwenye mafunjo na ndago, hapa jirani Uganda na kusini, wakawapata wa namna nyingi, halafu wakaenda kwenye miwa iliyo hatua chache kutoka pale wakakuta kiwavi ni tele na wawindaji ni haba. Bonde lina nondo na walinzi wake. Mkichimba, mtabaki na nondo.

Ndugu wa shemeji akauliza kama haya yamefanywa mahali. Nikawaeleza KwaZulu-Natal, ambako kwa miaka mingi walilima miwa mpaka ukingoni mwa maji. Des Conlong na wenzake kwenye taasisi ya utafiti wa miwa waliona kwamba jike akipewa nafasi ya kuchagua, anapenda kutaga kwenye ndago na mafunjo kuliko kwenye muwa. Basi wakawashauri wakulima warudishe ndago kwenye vinamasi ili zimvute, na kando ya miwa wapande *Melinis minutiflora*, nyasi yenye harufu ya molasi, ambayo nondo haipendi na nyigu anaipenda. Nyasi hiyo ni ya huku huku Afrika. Icipe waliijaribu kwenye mahindi, hapa Kenya, na mwaka 1997 Zeyaur Khan na wenzake wakatangaza kwamba funza wamepungua na *Cotesia* wameongezeka. Hiyo ndiyo sukuma-vuta ambayo wengi wanaijua sasa kwa desmodiamu na nepia.

"Kwa hiyo wazungu wa kule wanapanda tulichotaka kung'oa," mzee akasema.

"Wanapanda kwa gharama, baba."

Akanyamaza, akachokora meno. Halafu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, nondo wako halipi karo. Nduma inalipa."

Ni kweli inalipa. Gunia la nduma Kisii mjini halilali sokoni. Nilimwambia tu kwamba nduma inahitaji maji yale yale yanayoshikwa na ndago, na kwamba mfereji wenye mteremko mkali utakausha chemchemi mwezi wa Januari, wakati ambapo nyumba tano zinachota hapo. Hili hakuhitaji nondo kulijua. Alilijua kabla sijazaliwa. Mke wake, Magokoro (bibi) wa mpwa wangu, aliyekuwa akipukuchua mahindi na hakuulizwa kitu, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mwenye kuchimba mfereji ndiye atakayemtekea maji kutoka mtoni. Mazungumzo yalibadilika kidogo baada ya hapo.

Hawakuamua. Tulikula obokima na chinsaga, na ng'ombe wa mahari hawakutajwa.

10 Agosti, Jumamosi

Shule zimefungwa wiki iliyopita. Nimekuta kona imekatwa.

Si kwa sababu yangu. Ndugu hao walikubaliana kugawana fedha nusu kwa nusu kabla miwa haijaoza yote, na mwenye mtambo wa sukari nguru aliichukua kwa bei ya chini akilalamika kuhusu wekundu wa ndani. Nilimwona akipasua mmoja, akaonja, akatema. Shemeji amechoma majani makavu; ningependa angeyaacha yaoze upande wa barabarani, mbali na chipukizi, lakini nimefika jioni na moto ulikuwa umekwisha.

Mfereji umechimbwa, ila mfupi. Umeanzia chini ya chemchemi, si ndani yake, na nduma ziko upande mmoja. Upande wa miwa wameacha ukanda wa ndago wa upana wa mtu aliyelala chini na kunyoosha mikono. Mzee amesema ni wa kufunikia matofali. Mikaratusi haijapandwa, miche ipo nyuma ya nyumba ndani ya mifuko, inamwagiliwa kila siku, na hakuna anayesema itakwenda wapi.

Nimepasua mabua ya ndago kwenye ukanda huo pamoja na mpwa wangu, ambaye sasa anajua kutofautisha unga mpya na wa zamani: mpya ni wa manjano na una unyevu. Kwenye machache tuliyofungua kulikuwa na viwavi hai, maganda ya pupa ya nzi, na vile vifuko vyeupe. Mabua mengine tumeyafungasha kwa ajili ya kidato cha tatu.

Watafiti wa icipe na wa taasisi ya IRD ya Ufaransa, Bruno Le Ru na wenzake, walikuwa wakifanya hivi hivi kwa miaka katika nchi nyingi za eneo hili, wakipasua mabua ya ndago, matete na nyasi kandokando ya maji, na wamepata aina za nondo ambazo hazikuwa na jina. Nyingi zinakula mmea mmoja au miwili tu, hazijawahi kugusa shamba la mtu. Na mwaka 2006 Yoseph Assefa na wenzake walipima DNA ya *Eldana* kutoka sehemu mbalimbali za Afrika wakakuta makundi yaliyotengana kijiografia, ingawa kwa sura ni wale wale. Wa Gucha anaweza kuwa na mazoea yake. Nimemwambia mpwa wangu aandike kila bua alilopasua: mahali, urefu, limeliwa wapi, kuna nini ndani. Ameuliza daftari ni la nani. Lake. Ameuliza kalamu je.

Magokoro ameulizia ile nyasi yenye harufu ya molasi, kama mbuzi wanaila. Wanaila. Anataka iletwe ya kutosha ukingo wote wa miwa na ibaki ya mbuzi. Kumpigia simu mtu wa Mbita Jumatatu, kuuliza vipandikizi au mbegu, na bei ya kusafirisha hadi Rongo.

Betri za tochi.